Mtihani wa Kiingereza wa Kiwango cha Kati: Mwongozo kwa Mtahiniwa wa Himo

B1 Preliminary ni mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha kati unaotungwa na Chuo Kikuu cha Cambridge cha Uingereza kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Ulianza mwaka 1980 kwa jina la Preliminary English Test, na hadi leo walimu na wanafunzi wengi huuita PET. Muundo unaotumika sasa ulianza Januari 2020, kwa hiyo vitabu vya mazoezi vilivyochapishwa kabla ya hapo vina sehemu ambazo hazipo tena. Anayenunua kitabu kilichokwisha kutumika aangalie kwanza mwaka wa toleo.

Herufi na namba B1 zinatokana na mfumo wa viwango uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Mfumo huo una ngazi sita: A1 na A2 kwa wanaoanza, B1 na B2 kwa wanaojitegemea, C1 na C2 kwa waliobobea. Mtu aliyefika B1 anaelewa hoja kuu pale mazungumzo ya wazi yanapohusu kazi, shule, safari au mambo ya nyumbani. Anaweza kusimulia jambo lililomtokea, kueleza mpango wake na kuutolea sababu kwa ufupi, na kuandika barua rahisi inayoeleweka. Bado anakosea, bado anatafuta maneno, lakini shughuli haikwami.

Kwa mkazi wa Himo, kiwango hiki kinaonekana kazini kila siku. Himo iko pale barabara ya Holili na Taveta inapoachana na barabara kuu ya Moshi na Dar es Salaam, na pale barabara ya Marangu na Rombo inapoanza kupanda mlima. Mpagazi anayetaka kuwa mwongozaji wa watalii, mhudumu wa mapokezi katika hoteli ya Marangu, wakala wa forodha anayesoma nyaraka za mpakani, na kijana aliyemaliza kidato cha nne akitafuta kazi Moshi mjini, wote wanahitaji Kiingereza cha namna hii: kuelewa ombi, kujibu swali lisilotarajiwa, kuandika ujumbe usioacha shaka. Mtihani unapima mambo hayohayo, na anayeelewa jinsi unavyoyapima hujiandaa kwa njia tofauti na ile aliyoizoea shuleni.

Kwanza, cheti kinatakiwa na nani

Hatua ya kwanza ni kujua cheti kitapelekwa wapi, kabla ya kununua kitabu au kulipa ada ya masomo ya ziada. Watu wengi hupoteza fedha kwa kufanya mtihani mzuri usiotakiwa na ofisi wanayoiomba.

B1 Preliminary unamfaa anayetaka ushahidi wa kiwango chake kwa mwajiri, kwa chuo cha lugha au kwa ajili ya kupanda ngazi inayofuata, yaani B2 First. Cheti chake hakina tarehe ya kuisha muda, ingawa mwajiri ana haki ya kudai cheti cha karibuni.

Kwa viza ya Uingereza hali ni nyingine. Serikali ya nchi hiyo ina orodha yake ya mitihani inayokubalika kwa mambo ya uhamiaji, na mitihani hiyo lazima ifanywe katika vituo ilivyoviidhinisha. B1 Preliminary haumo katika orodha hiyo, hata pale sheria ya uhamiaji inapodai kiwango cha B1. Kwa hiyo mtu anayekwenda kuishi na mwenzi wake Uingereza, au anayeomba ukaazi wa kudumu, asome masharti ya viza yake kama yalivyo siku ya maombi na kufanya mtihani uliotajwa humo.

Muuguzi aliyesomea Moshi na anayetaka kusajiliwa Uingereza naye asianzie hapa. Baraza la wauguzi la huko linakubali mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa alama 7 kwa jumla na katika kila sehemu, isipokuwa kuandika kunakoruhusiwa 6.5, au mtihani wa OET wa watumishi wa afya. Viwango hivyo viko juu sana ya B1. Vyuo vikuu vya nje kwa kawaida vinadai B2 au zaidi. IELTS hauna kufaulu wala kufeli: humpa kila mtahiniwa alama kati ya 0 na 9, na kwa kawaida matokeo yake hutambuliwa kwa miaka miwili. Alama 4 hadi 5 za IELTS zinalingana na B1, na 5.5 hadi 6.5 zinalingana na B2. Nchini Tanzania, British Council ya Dar es Salaam ndiyo inayofahamika zaidi kwa IELTS.

Kiingereza cha shule na Kiingereza cha mtihani huu

Mitihani ya Cambridge si migeni katika nchi hii. Enzi za Tanganyika, wanafunzi wa sekondari walifanya Cambridge School Certificate. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Ila mtihani ule wa zamani ulikuwa wa kuhitimu shule, ukiwa na masomo mengi. B1 Preliminary unapima lugha peke yake, na mtu wa umri wowote anaweza kuufanya. Kuna pia toleo la vijana walio shuleni, lenye kiwango kilekile na cheti cha hadhi ileile, isipokuwa mada zake zinahusu maisha ya vijana.

Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne anakuja na mtaji ambao wanafunzi wa nchi nyingi hawana. Amesoma baiolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza kwa miaka minne, hivyo msamiati wake wa kitabuni ni mpana. Amefundishwa sarufi kwa majina yake. Tatizo liko upande mwingine. Kwa miaka mingi, mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa wa maandishi, na mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri ameweza kufika mbali bila kuzungumza kwa dakika tano mfululizo. Katika B1 Preliminary, kusikiliza na kuzungumza ni nusu ya alama zote. Kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza kila kimoja kina asilimia 25.

Kutokana na hesabu hiyo, ushauri mkuu wa makala haya ni mmoja: mtahiniwa aliyepitia shule zetu apunguze muda wa kukariri sarufi, na muda alioupunguza aupeleke kwenye sikio na mdomo.

Kusoma: dakika 45, maswali 32

Karatasi ya kusoma ina sehemu sita. Ya kwanza ina matini tano fupi kama matangazo, ujumbe wa simu na vibandiko, kila moja na majibu matatu ya kuchagua. Ya pili inaeleza watu watano na mahitaji yao, kisha inatoa maelezo manane ya vitabu, kozi, hoteli au mahali pa kutembelea, na mtahiniwa anamtafutia kila mtu kinachomfaa. Ya tatu ni matini ndefu yenye maswali matano. Ya nne ni matini iliyotolewa sentensi tano, zinazotakiwa kurudishwa mahali pake kutoka katika orodha ya sentensi nane. Ya tano na ya sita ni matini zenye mapengo sita kila moja: katika ya tano maneno ya kuchagua yametolewa, katika ya sita mtahiniwa anafikiria neno mwenyewe.

Sehemu ya pili huwapoteza wanaokimbilia neno linalofanana. Mtu akielezwa kwamba anataka safari ya siku moja, apate chakula cha mchana na asilale njiani, kutakuwa na matangazo matatu yanayotaja chakula cha mchana, lakini moja tu litatimiza masharti yote matatu. Njia iliyo salama ni kupigia mstari mahitaji yote ya mtu huyo, kisha kufuta kila tangazo linalokosa hata moja. Katika sehemu ya nne, ufunguo uko kwenye maneno madogo yanayoashiria kilichotangulia: kiwakilishi kinachorejelea mtu aliyetajwa, neno la kupinga, neno la wakati.

Sehemu ya sita inahitaji uangalifu zaidi kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kwa sababu maneno yanayokosekana mara nyingi ni yale ambayo Kiswahili hakiyahitaji. Kiswahili hakina "a" wala "the". Kina "yeye" moja kwa mwanamume na mwanamke, na Kiingereza kinadai "he" au "she". Kihusishi "kwa" peke yake kinafanya kazi ya maneno mengi ya Kiingereza: kwa basi ni "by", kwa kisu ni "with", kwa siku mbili ni "for", na kwenda kwa bibi ni "to". Mtahiniwa afanye mazoezi ya kuyatazama maneno haya kila anaposoma. Achukue aya moja ya gazeti kama The Citizen au Daily News, amwombe mwenzake afute maneno kumi madogo, kisha ajaribu kuyarudisha bila kuangalia. Dakika kumi za zoezi hilo kila siku zina faida kuliko kurasa nyingi za majedwali ya sarufi.

Hakuna alama zinazokatwa kwa jibu lisilo sahihi, kwa hiyo swali lisiachwe wazi.

Kuandika: dakika 45, kazi mbili

Kazi ya kwanza ni ya lazima: kujibu barua pepe kwa maneno yapatayo 100. Barua hiyo huja na vidokezo vinne pembeni, na jibu lazima liguse vyote vinne. Kazi ya pili ni ya kuchagua: makala fupi au hadithi, nayo kwa maneno yapatayo 100. Hadithi hupewa sentensi ya kwanza, na mtahiniwa anaiendeleza kutoka hapo.

Msahihishaji anatoa alama 0 hadi 5 katika mambo manne: maudhui, yaani kama kila kilichoulizwa kimejibiwa, ufaafu, yaani kama namna ya kuandika inamfaa msomaji huyo, mpangilio, na lugha. Sarufi na msamiati viko ndani ya lugha, ambayo ni robo moja. Barua isiyo na kosa hata moja lakini iliyoacha kidokezo kimoja inapoteza alama, na barua yenye makosa machache yasiyozuia maana, iliyojibu yote kwa mpangilio mzuri, inaweza kuizidi.

Katika Kiingereza cha shule, barua nyingi zilikuwa za kiofisi: anwani mbili, kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, "Dear Sir" na salamu za heshima. Barua ya mtihani huu kwa kawaida inatoka kwa rafiki au mwalimu anayemfahamu mwandishi. Inataka jina la anayeandikiwa, sentensi ya kuonyesha kwamba barua yake imesomwa, majibu, na neno la kuaga. Utangulizi mrefu wa kuuliza hali, afya na familia, ambao kwa Kiswahili ni adabu, utatumia theluthi ya maneno yote. Sentensi moja ya salamu inatosha.

Mfano wa zoezi linalotoka katika mazingira ya hapa: rafiki wa Ghana ameandika kwamba atakuja Kilimanjaro mwezi Agosti. Anashukuru kwa mwaliko, anauliza aje na nguo gani, anatoa chaguo la kupanda mlima kwa njia ya Marangu au kukaa kijijini, na anauliza chakula cha kuonja. Anayejibu ana cha kusema bila kubuni. Agosti asubuhi kuna baridi, hasa huko Marangu. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, wakati katika njia nyingine wageni hulala kwenye mahema. Chakula ni ndizi na nyama, au mtori. Mtahiniwa akizoea kuandika juu ya anachokijua, siku ya mtihani akili yake inashughulika na lugha tu.

Maneno ya kuunganisha yawe machache na ya kweli: kwa sababu, ingawa, kwa hiyo, baada ya hapo. Kuhusu nyakati, Kiswahili cha mazungumzo kinaruhusu "nimemwona jana", lakini Kiingereza hakiruhusu "I have seen" pamoja na "yesterday". Jambo lililotajiwa wakati wake uliopita linachukua wakati uliopita wa kawaida. Kosa hili moja likiondolewa, hadithi nyingi za watahiniwa wetu zitasomeka vizuri zaidi.

Kusikiliza: kama nusu saa, maswali 25

Kila rekodi inachezwa mara mbili. Sehemu ya kwanza ina mazungumzo saba mafupi, na jibu ni picha moja kati ya tatu. Ya pili ina mazungumzo sita mafupi yenye majibu matatu ya kuchagua. Ya tatu ni mtu mmoja anayetoa maelezo, na mtahiniwa anajaza mapengo sita kwa neno moja au mawili, namba, tarehe au saa. Ya nne ni mahojiano yenye maswali sita. Kwenye mtihani wa karatasi, baada ya rekodi kuna dakika sita za kuhamishia majibu kwenye fomu.

Mtego wa kudumu ni kwamba majibu yote matatu yanatajwa kwenye rekodi. Watu wawili wanapanga safari: mmoja anapendekeza treni, mwenzake anasema imejaa, wanafikiria gari la rafiki, mwisho wanakubaliana basi. Anayeweka alama kwenye neno la kwanza alilolisikia anakosa. Mara ya kwanza mtahiniwa afuate mazungumzo hadi mwisho, mara ya pili athibitishe.

Saa ni hatari ya pekee kwa anayefikiri kwa Kiswahili. Akisikia "eight" asubuhi, hiyo ni saa mbili yetu. Tofauti ya saa sita humfanya mtu asite, na sentensi inayofuata inampita. Dawa ni kutotafsiri kabisa: aandike 8.00 kama alivyosikia. Anayeweka simu yake katika lugha ya Kiingereza na kutaja muda wa magari, vipindi vya redio na ahadi zake kwa saa za Kiingereza kwa mwezi mmoja, husita kidogo sana.

Jambo jingine ni majina yanayotajwa herufi moja moja. Herufi E kwa Kiingereza inasikika kama "i" yetu, herufi I inasikika "ai", na A inasikika "ei". Mtahiniwa anayeandika I kila anaposikia "i" atakosea jina lote. Wawili wanaweza kufanya zoezi la kutajiana herufi za majina ya vijiji, kama Kilema, Mwika, Uchira na Makuyuni, kwa Kiingereza, mmoja akitaja na mwingine akiandika.

Vifaa vya kusikiliza havihitaji fedha nyingi. Vipindi vya BBC Learning English na LearnEnglish ya British Council vinapatikana bure mtandaoni, na Cambridge wenyewe hutoa mitihani ya mfano ya bure pamoja na sauti zake. Anayeishiwa bando anaweza kupakua sauti akiwa mahali penye intaneti na kuzisikiliza baadaye njiani. Kusikiliza rekodi moja mara tano, mara ya mwisho akisoma maandishi yake, kunajenga sikio kuliko kusikiliza rekodi tano mara moja moja.

Kuzungumza: dakika 12 kwa watahiniwa wawili

Watahiniwa huingia wawili wawili na kukutana na watahini wawili. Mmoja anauliza na kuongoza, mwingine anakaa pembeni akitoa alama. Endapo idadi ya watahiniwa haigawanyiki kwa mbili, kundi la mwisho huwa la watatu na hupewa muda zaidi. Sehemu ya kwanza ni maswali binafsi. Katika ya pili, kila mtu anaeleza picha kwa dakika moja. Katika ya tatu wawili wanapewa hali fulani na picha za kusaidia, wanajadiliana na kujaribu kufikia uamuzi. Ya nne ni mazungumzo yanayoendeleza mada hiyo.

Mtahini anayekaa pembeni anatazama mambo manne: sarufi na msamiati, uwezo wa kuendeleza maelezo, matamshi, na ushirikiano katika mazungumzo. Anayeuliza naye anatoa alama ya jumla.

Katika malezi yetu, kijana mbele ya mtu mzima anajibu kwa kifupi, haangalii sana usoni, na hapingi. Hiyo ni heshima, na ni heshima ya kweli. Ndani ya chumba cha mtihani, jibu la "yes" peke yake linamnyima mtahini kitu cha kupima. Kila jibu liongezewe sababu au mfano. Aliyeulizwa kama anapenda anapoishi anaweza kusema anapenda Himo kwa sababu kuna soko kubwa na usafiri ni rahisi, ila vumbi ni jingi wakati wa kiangazi. Sentensi mbili za namna hiyo zina alama ambazo "yes" haina.

Katika sehemu ya tatu, mtahiniwa akipangwa na mtu aliyemzidi umri, asikubali kila analosema kwa adabu, wala asiongee peke yake mpaka mwenzake akakosa nafasi. Kuuliza maoni ya mwenzake, kukubali kwa sababu, kukataa kwa upole na kupendekeza kingine, hiyo ndiyo kazi inayopimwa. Kutofikia uamuzi mwishoni hakupotezi alama ikiwa mazungumzo yalikuwa hai.

Kuhusu picha, mtahiniwa aanze na mahali na watu, aeleze wanachofanya, kisha akisie wanavyojisikia au kilichotangulia. Asipojua jina la kitu, akieleze kwa matumizi yake badala ya kunyamaza. Picha za simu za soko la Himo, stendi ya Moshi au shamba la migomba zinatosha kwa mazoezi, saa ikihesabu dakika moja.

Lafudhi ya Kitanzania haipunguzi alama. Kinachopunguza ni kutoeleweka. Mambo mawili yanastahili kazi. La kwanza ni irabu inayoongezwa mwishoni mwa neno au kati ya konsonanti, kama "desk" kugeuka "desiki". La pili ni mkazo: Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, lakini Kiingereza kinauhamisha. Neno "photograph" lina mkazo mwanzoni, na "photographer" katika silabi ya pili. Mtu akijifunza neno jipya ajifunze na mkazo wake hapohapo.

Lipo pia jibu la swali la kukanusha. Mtu akiulizwa "Hujawahi kufika Zanzibar?" kwa Kiswahili anaweza kujibu "Ndiyo, sijawahi." Kwa Kiingereza jibu hilo linaanza na "No". Anayechanganya hapa humfanya msikilizaji aelewe kinyume.

Muda wa kujiandaa

Cambridge wanakadiria kwamba kutoka mwanzo kabisa hadi B1 mtu anahitaji saa 350 hadi 400 za masomo yenye mwongozo, na hadi A2 saa 180 hadi 200. Aliye A2 basi ana kama saa 150 hadi 220 mbele yake. Kwa saa moja na nusu kwa siku, siku tano za wiki, hizo ni wiki 20 hadi 30. Ahadi ya kumfikisha mtu B1 kwa mwezi mmoja kutoka mwanzo isiaminiwe.

Kabla ya kupanga ratiba, mtahiniwa afanye mtihani mmoja wa mfano kwa muda kamili, bila kamusi. Matokeo yatamwonyesha karatasi iliyo dhaifu. Kwa wengi waliosoma hapa, wiki inaweza kugawanywa hivi: siku mbili za kusikiliza, siku moja ya kuandika barua na hadithi, siku moja ya kusoma na mapengo, na siku moja ya kuzungumza na mwenzake, huku dakika chache za kuzungumza zikiongezwa kila siku. Mwenza ni muhimu kuliko mwalimu wa gharama kubwa. Wawili wanaotaka kufaulu, wanaokutana baada ya kazi na kuzungumza Kiingereza kwa nusu saa bila kuchekana, watapiga hatua. Waongozaji wa Marangu walio na uzoefu ni walimu wazuri wa kuzungumza, kwa sababu wanasikiliza lafudhi za mataifa mengi kila msimu.

Katika wiki nne za mwisho, mtihani mzima wa mfano ufanyike kila wiki kwa saa ya kweli, na makosa yapitiwe siku inayofuata.

Usajili na siku yenyewe

Mtihani unafanywa katika vituo vilivyoidhinishwa tu, na orodha yake iko kwenye tovuti rasmi ya Cambridge English. Kila kituo hupanga ada na tarehe zake. Anayeishi Himo aulize mapema kituo kilicho karibu, aina ya mtihani kinachotoa, wa karatasi au wa kompyuta, na mwisho wa kujiandikisha, kisha ajumlishe nauli na malazi katika bajeti. Anayeombwa fedha na mtu asiye na kituo, kwa ahadi ya kupewa cheti, asilipe.

Jina la usajili lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti au kitambulisho kitakachotumika. Watanzania wengi wana majina matatu, na mpangilio wake hutofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule. Tofauti hizo zirekebishwe kabla ya usajili, maana kubadilisha jina baada ya cheti kutoka ni usumbufu. Siku ya mtihani kitambulisho halisi kinahitajika, kwani nakala haitoshi. Simu haziruhusiwi chumbani. Mtihani wa kuzungumza unaweza kupangwa siku tofauti na karatasi nyingine, kwa hiyo anayetoka mbali ahakikishe tarehe zote mbili kabla ya kukata tiketi ya kurudi.

Kusoma matokeo

Matokeo hutolewa kwa alama za kipimo cha Cambridge, kwa kila karatasi na kwa jumla. Alama ya jumla ni wastani wa karatasi nne, kwa hiyo udhaifu mmoja unaweza kufidiwa na nguvu nyingine. Kufaulu kunaanzia 140. Kati ya 140 na 152 ni daraja C, kati ya 153 na 159 ni daraja B, na kati ya 160 na 170 ni daraja A, ambapo cheti husema mtahiniwa ameonyesha uwezo wa B2. Anayepata kati ya 120 na 139 hapewi B1, bali hupewa cheti cha A2. Chini ya 120 hakuna cheti.

Aliyepata 160 au zaidi aelekeze nguvu kwenye B2 First au IELTS, kulingana na lengo lake. Aliyepata daraja B au C ana ushahidi wa kutosha kwa kazi nyingi za mapokezi na huduma, na alama za karatasi moja moja zitamwonyesha pa kuongeza juhudi. Aliyepata 130 na kitu hakupungukiwa na akili wala hakupoteza muda wake. Yuko karibu, na hakuna kikomo cha idadi ya mara za kurudia mtihani. Aangalie karatasi yake ya chini kabisa, aipe miezi mitatu au minne ya kazi ya kila siku, ndipo alipe ada nyingine. Mwajiri anayetaka kuhakikisha cheti anaweza kuthibitisha matokeo kwa njia ya mtandao, hivyo mwenye cheti atunze vizuri namba zake za utambulisho pamoja na cheti chenyewe.